Nasaha za Mzee Mshauri: Kwa Wafugao Nondo Nyumbani

Mzee Mshauri, shikamoo. Nondo wangu wa mwezi, yule wa kijani mwenye mikia mirefu, ametoka kifukoni jana na hadi leo hajaonja kitu. Nimemwekea asali, maji ya sukari na kipande cha embe dodo. Nimemkosea nini? — Mwenye Huruma, Tanga

Marahaba, mwanangu. Hukumkosea lolote, ila umemkirimu mgeni asiye na kinywa cha kulia. Kwani nondo huyu, ambaye wenye elimu ya wadudu humwita Argema mimosae, na ambaye alipokuwa kiwavi alikuwa hana kazi ila kutafuna majani ya mng'ongo mpaka akanenepa kama kidole gumba, huwa amekwisha jiwekea mwilini masurufu ya umri wake wote uliosalia, nao ni kiasi cha juma moja. Katika muda huo hana haja ya chakula, bali ana haja ya ndoa. Asali itie katika chai yako, na embe ule wewe, maana kati yenu wawili mwenye tumbo la kushiba ni mmoja.

Mzee wangu, nina nondo jike ndani ya chandarua karibu na dirisha, na usiku wa manane madume huja kujibamiza kiooni. Jirani wananong'ona, nami ni mtu wa staha. — Mjane wa Malindi

Bibi mheshimiwa, wachumba hao hawakukujia wewe. Jike, giza linapotanda, hutoa nchani mwa tumbo lake harufu ambayo pua ya mwanadamu haiisikii, ilhali dume, kwa vipapasio vyake vipana vyenye vitawi vyembamba pande zote mbili, huinasa angali mbali, akaifuata kinyume cha upepo hata akafika mlangoni pako bila ya kuuliza njia. Mfungulie mmoja, wa awali kufika, na waliobaki uwaage kwa adabu. Kisha tafuta majani ya mng'ongo mapema, kwani wajukuu watakaoanguliwa hawatakubali mchicha hata ukiwabembeleza. Ama jirani, waalike arusini. Mwenye kukaribishwa ndani hana sababu ya kuchungulia.

Mzee, kifuko changu kilikaa kimya muda mrefu, nikakata kwa wembe ili nimsaidie nondo kutoka. Ametoka, lakini mbawa zimekunjamana. Zinyooshwe kwa pasi? — Mwenye Haraka, Muheza

Pasi iache kwenye makaa, ndugu yangu! Kifuko kile cha rangi ya fedha, kilichotobolewa matundu madogo, ndani yake huweza kulala kiumbe akingojea kiangazi kipite. Na saa yake ikiwadia hutoa majimaji ya kulainisha nyuzi, akajisukuma nje, akapanda juu ya kijiti, akaning'inia, na mbawa zake zilizo laini na fupi zikajazwa maji ya mwili kidogo kidogo hata zikatanuka, ndipo zikakauka. Zikikauka kabla ya kutanuka, hakuna fundi wa kuzirudisha. Basi kifuko kijacho kilaze juu ya kijiti chenye magamba, ukinyunyizie maji kidogo mvua zikianza, na wembe mkabidhi kinyozi wako, ambaye angalau hukungoja uketi.