Namna ya Kumpeleka Mjomba Kliniki Bila Kumshusha Mlima

Anza siku ileile ya kliniki, mkiwa bado Morogoro mjini. Kabla mjomba hajainuka kitini, muulize daktari kama marudio yajayo yanaweza kufanyika kwa simu ya video, kwa namba ipi ya hospitali, saa ngapi, na kama bima italipia. Majibu yaandikwe kwenye kadi. Ukilisahau swali utalifuata kwa bodaboda, na wakati wa masika barabara za Kinole na Mgeta hazimhurumii mtu mwenye presha na sukari.

Halafu, mkirudi milimani, usake mtandao. Minara ya simu ya kilele cha Bondwa inaonekana kutoka mjini, lakini milima ya Uluguru inapanda hadi zaidi ya mita 2,600 kule Kimhandu, na mabonde ya nyuma yamejificha. Kwa hiyo vitongoji vingi vina jiwe lao ambapo simu hushika.

Hapo jiweni ndipo kliniki huharibika. Mzee anapandishwa mpaka juu, anahema, anafungwa mashine mkononi, presha inasoma juu, na daktari anaongeza dawa ya kutibu kilima! Mpime kabla hajapanda, nyumbani au zahanati. Aegemee kiti, asikunje nne, mkono uwe mezani usawa wa moyo, atulie dakika 5 bila kuongea. Kahawa na sigara ziwe zimekwisha nusu saa nyuma. Pima mara mbili, andika namba zote. Sukari ichukuliwe asubuhi, kabla ya chai.

Dawa zibebe na maboksi yake, maana "kile kidogo cheupe" daktari hawezi kukijua. Chupa ya mizizi nayo ibebwe. Daktari anahitaji kujua kila kinachoingia tumboni.

Simu ikishika, mjomba atamwambia daktari, "Sijambo kabisa, mwanangu." Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na neno la mjomba ni zito, hakuna mpwa anayekimbilia kulipinga. Lipinge, kwa adabu: "Samahani mjomba, naomba nimweleze daktari kwamba usiku unaamka sana kukojoa, na vidole vya mguu vimekufa ganzi." Atakukazia macho. Vumilia, daktari ameshaanza kuandika.

Mguu wenyewe upigwe picha mapema, mlangoni kwenye mwanga, unyayo na katikati ya vidole. Kama kuna kidonda, weka sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane. Tuma picha kabla ya miadi, kwa sababu video hula bando na hukwama palepale penye jambo la maana.

Waombe pia majirani waliofuata mtandao wasogee kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na mjomba hatasema ya moyoni huku muuza ndizi akisikiliza bei za sokoni pembeni yake. Simu isiwekwe spika.

Mkiwa na swali baada ya miadi, 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure. Lakini kifua kikibana, mdomo ukienda upande, au kidonda kikianza kuwa cheusi, achana na jiwe. Ita vijana wenye nguvu, mfunge machela, mshuke barabarani saa hiyohiyo.