Kitambi cha Ukoo

Watu wa Dar es Salaam wakisema kiangazi hiki wanapunguza mwili, nawaonea wivu. Kwao kiangazi hakina kazi. Huku Nachingwea kiangazi ndiyo msimu wenyewe: ufuta uko mnadani, mikorosho inapuliziwa salfa, shule zikifungwa watoto wanapelekwa jandoni, na kila Jumamosi kuna sufuria ya pilau mahali fulani inayokutaja kwa jina. Mwenye akili timamu hapangi mazoezi hapo katikati. Basi ieleweke mapema kwamba mpango haukuwa wangu, ulikuwa wa mpwa wangu.

Huyu mpwa yuko Paje, Unguja. Anafundisha watalii kuteleza juu ya maji wakiwa wamesimama kwenye ubao huku wanavutwa na tiara. Ndiyo, tiara, ile tuliyorusha utotoni ya mfuko wa rambo na njiti za ukuti, ila ya kwao ni kubwa kama turubai la msibani na inavuta mtu mzima. Akapiga simu: "Shikamoo mjomba. Kaskazi ikianza Desemba uje, nitakufundisha mwenyewe, bure." Sasa kwetu Wamwera watoto ni wa mjomba, na mjomba hakwepi mwaliko wa mpwa huku dada yake anasikiliza. Dada yangu alikuwa pale pale, simu imewekwa spika. Nikasema nitakuja. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu zote: "Lakini mjomba, kitambi bado kipo?"

Ratiba ikaja kwa WhatsApp. Kukimbia alfajiri, pushapu, kuacha ugali usiku, na kuogelea mara tatu kwa wiki.

Kuogelea wapi? Mito yetu mingi kiangazi inabaki mchanga mtupu. Ukipiga mbizi utakutana na mtu anachimba kisima. Bahari iko Lindi na Mtwara, na nauli ya kwenda kuogelea mara tatu kwa wiki sijui nani ataitoa. Zamani tungepanda treni. Waingereza walipoanzisha mradi wao wa karanga mwaka 1947 walijenga reli kutoka Mtwara mpaka hapa Nachingwea, ili karanga zishuke bandarini. Karanga hazikutaka kuota, mradi ukafutwa 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Karanga ambazo hazikuwepo zilipewa treni ya kwenda baharini, mimi ambaye nipo naambiwa nijitegemee. Wenzetu Wafaransa, mwaka 2024 walipoandaa Olimpiki pale Paris ambako nako hakuna mawimbi, waliwapeleka wachezaji wa kuteleza na mawimbi mpaka Tahiti, zaidi ya kilomita 15,000. Mimi sikuomba Tahiti. Niliomba Lindi.

Na bahari yetu yenyewe, nisiisemee uongo, haina mawimbi ya kujivunia. Madagaska imekaa pale mbele inakinga mawimbi yanayotoka kusini mwa Bahari ya Hindi, na yale yanayoponyoka yanavunjikia kwenye matumbawe. Ndiyo maana vijana wa Paje wanategemea upepo: kusi kuanzia Juni mpaka Septemba, kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi. Maji yakipwa, ndani ya mwamba kuna kina mama wanatembea kwa miguu wakihudumia mwani wao. Nikamuuliza mpwa kama naweza na mimi kutembea kwa miguu. Akasema mjomba, acha utani.

Nikaanza na kukimbia, maana barabara ipo. Shida ni kwamba Nachingwea ina historia na mazoezi, na historia hiyo inamlemea mtu. Wapiganaji wa FRELIMO walifundishwa hapa, Samora Machel akiwa kamanda wao, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Anayekimbia alfajiri kwenye ardhi hiyo anatakiwa awe na sababu nzito. Mzee mmoja aliyekuwa anatoka msikitini alinisimamisha kuuliza yangu. Nikamwambia nataka niweze kusimama juu ya ubao. Akaniangalia weee, akasema "Innalillahi," akashika njia yake.

Bodaboda nao hawaamini kwamba mtu mwenye ndevu zenye mvi anaweza kukimbia kwa hiari. "Mzee panda, utanipa jioni." Mwingine alizima pikipiki kabisa, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa nyumbani. Nilipokataa kupanda, habari ilifika kwangu kabla yangu: mzee ameishiwa mpaka buku ya boda.

Lakini aliyenimaliza ni jirani mwenye mikorosho. Salfa hupuliziwa alfajiri, upepo ukiwa bado umelala, saa ile ile niliyopangiwa kukimbia. Akanivizia njiani. "Mdogo wangu," akasema, "nguvu zote hizi unazimwaga barabarani, na mikorosho yangu ina ubwiri unga?" Kabla sijapata jibu la heshima nilishavishwa mashine mgongoni. Mashine yenyewe mkanda wa kushoto ulishakatika, umeungwa kwa mpira wa baiskeli, na fundo la mpira ule linakaa juu ya mfupa wa bega, si pembeni yake, juu yake. Ukivuta kamba ya kuwashia haiwaki. Ukivuta tena inakohoa. Ikiwaka inatetemesha mpaka meno, na unga unapaa juu ya majani kisha unageuka na kukurudia usoni. Nilifika nyumbani macho mekundu, napiga chafya za njano. Nikamtumia mpwa picha ili anionee huruma. Akajibu: "Safi sana mjomba, hilo ndilo zoezi la mgongo." Jirani hakunilipa hata senti. Alisema mazoezi hayalipwi.

Kuna na zoezi la kulala kifudifudi kwenye ubao, unapiga makasia kwa mikono, halafu unaruka na kusimama kwa mara moja. Eti ni la wale wanaoteleza na mawimbi, lakini mpwa anasema mwili ni mmoja. Nilikuwa na ubao wa mninga niliouweka kwa ajili ya kitanda, nikautandika chini ya mwembe. Watoto wa mtaa mzima wakapanga foleni. "Babu anaogelea vumbi," mmoja akawatangazia waliochelewa. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea, alinitazama kutoka mlangoni, akaingia ndani kumuuliza binti yake haya mashetani yalianza lini, na kama yameshasema yanataka ngoma gani.

Kwa hiyo Jumamosi nikawa naenda kukimbia Ruangwa, wasikonijua. Ruangwa siku hizi ni mji wa michezo na hawaachi kutukumbusha. Wana Uwanja wa Majaliwa, wana Namungo FC iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019 na msimu wa 2020/21 ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Sisi tuna karanga zilizokataa kuota. Wana pia kikundi cha joging, wamevaa fulana za rangi moja, wanaimba, wanapiga makofi, mambo yote safi. Ila mbio zile zinaelekea kwenye supu. Hakuna aliyewahi kukimbia kupita kibanda cha supu. Mnafika, mnanyoosha viungo kidogo kwa ajili ya picha, kisha bakuli, ndimu, pilipili na chapati, na mwenyekiti wa kikundi anauliza nani anataka kuongezewa mchuzi. Nikimweleza mtu kwamba ratiba yangu hairuhusu chapati, ananihurumia na kuniwekea ya kwake.

Pamoja na supu hizo, mwezi wa Agosti kitambi kikaanza kushuka, na hapo ndipo nilipojua kwamba hakikuwa mali yangu. Wanawake kisimani walimuuliza mke wangu, kwa upole ule wa msibani, kama baba watoto anakula. Yeye akaja kunigombeza mimi, kwamba namdhalilisha, watu watasema hapiki. Kwenye harusi, ambako miaka yote nawekwa viti vya mbele kwa sababu napendeza kwenye picha, nikasogezwa nyuma karibu na spika. Wazee wa ukoo walikaa kikao bila mimi, wakakubaliana kwamba kama ni hospitali tuchange mapema. Na Mangi wa dukani, ambaye alikuwa ananikopesha sukari bila hata kufungua daftari, akaanza kunijibu kwamba daftari limejaa. Kumbe kile kitambi ndicho kilikuwa dhamana. Mtu mwenye tumbo hahami mji na deni la sukari.

Kujua nimepungua kiasi gani ilibidi niende ghalani kwenye chama chetu cha msingi, kwenye mizani ile ile inayopima ufuta na baadaye korosho. Nikapanda. Wakulima waliokuwa wanasubiri zamu wakakusanyika. Mkulima wa kusini hajawahi kukubaliana na mizani yoyote, na hawakuanza siku hiyo. Karani alipotaja kilo zangu wakapiga kelele kwamba mizani inaiba, nishuke nipande tena. Mmoja akashauri nipimwe kwa kangomba, kile kibaba cha walanguzi. Mwingine akapiga hesabu kwamba kwa ile bei ya shilingi 3,300 kwa kilo aliyoitangaza Rais Magufuli mwaka 2018, nimetupa barabarani ada ya shule ya mtoto. Nilishuka pale nikiwa na uchungu wa mtu aliyedhulumiwa kweli.

Basi, nikavumilia. Septemba, Oktoba, mabibo yakaiva, uraka ukaanza kunywewa kila baraza, mimi nakunywa maji. Minada ya korosho ya RUNALI, chama chetu kikuu cha ushirika, ikafunguliwa, watu wakashika fedha, wakanenepa mbele ya macho yangu.

Juzi, Novemba inaishia, mpwa akapiga. "Shikamoo mjomba, una kilo ngapi sasa?" Nikamtajia, kifua mbele. Kimya. Kisha akasema kuna tatizo dogo: tiara ndogo zote zimeshachukuliwa na Wazungu, iliyobaki ni ya mita za mraba 14, na hiyo ni ya mtu mzito. Mwepesi kaskazi ikimkamata itambeba moja kwa moja mpaka Jambiani.

"Bado wiki mbili, mjomba," akasema. "Huwezi kujitahidi ukala kidogo?"

Nile nini? Mvua zimeanza, ngoma za jando zimekwisha, pilau hakuna mtaa mzima, na Mangi bado anataka taslimu.