Barua ya Wazi kwa Ofisa wa Viza Anayetaka Kujua Ninalala Wapi

Mheshimiwa Ofisa wa Viza za Wahamiaji,

Salamu kutoka Kisauni, Mombasa, ambako mimi, raia wa Marekani kwa kiapo na kwa pasipoti, naishi nyumba moja na mke wangu wa ndoa na watoto wetu wawili. Najua sentensi hiyo imekwisha kukuharibia asubuhi. Mke si tatizo, na kuishi nyumba moja ni sifa njema ya mume. Tatizo ni Kisauni.

Nimezisoma kanuni zako usiku, watoto wakiwa wamelala, na naomba nikueleze nilivyozielewa ili unikosoe. Ukurasa mmoja wataka nithibitishe kwamba ndoa yangu ni ya kweli, na ushahidi unaopendwa ni wa watu kuishi pamoja: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, akaunti moja ya benki, bili, watoto. Ukurasa mwingine, wa ile hati ya udhamini iitwayo I-864, wataka nithibitishe kwamba maskani yangu ni Marekani. Nikikaa na mke wangu, ndoa yangu ni safi na maskani yangu ni batili. Nikimwacha nikaenda zangu Ohio, maskani yatanyooka, nawe utauliza, wala hakuna wa kukulaumu, ni mume gani huyu aliyemtupa mkewe ng'ambo ya bahari.

Nisikuonee. Sheria imeacha mlango wazi kidogo. Silazimishwi kutangulia; naruhusiwa kutua siku moja na mke wangu, alimradi kabla ya hapo nionyeshe hatua za kuaminika za kuhamia: nyumba, kazi, akaunti, shule ya watoto. Basi nimeanza kujiandaa. Nitapanga nyumba Columbus, mji wa Ohio niliokaa kabla sijarudi pwani, na hakuna atakayelala humo. Nitailipia umeme ili friji tupu ipate baridi. Watoto nitawaandikisha shule ya huko, mwalimu awe akiwaita kwenye rejista kila asubuhi na kuwaandika hawapo. Na kazi naitafuta. Nawaambia waajiri kwamba niko tayari kuanza wakati wowote, ila tarehe ya kuanza anayo mtu mmoja aliye nyuma ya kioo, na yeye mwenyewe haijui.

Wako waliosamehewa mzigo huu. Mtumishi wa serikali ya Marekani aliyetumwa nje hajahama. Kisheria bado yuko kwao. Vivyo hivyo mtu wa kampuni ya Kimarekani inayofanya biashara ya nje, mtafiti wa taasisi ya Kimarekani inayotambuliwa, mfanyakazi wa shirika la kimataifa ambalo Marekani ni mwanachama, na mmishonari. Huyu wa mwisho ndiye aliyeninyima usingizi. Mhubiri aliyetumwa na kanisa la Tennessee kuokoa roho za watu wa Kilifi aweza kukaa huko mpaka akaota mvi, na maskani yake yakabaki Tennessee. Mimi nafundisha hisabati kidato cha tatu, kazi ambayo nayo ina mahubiri mengi na waongofu haba, lakini hakuna kanisa lililonituma. Kwa hiyo nimehama.

La ajabu ni kwamba wenzako wa ushuru hawana shaka nami hata chembe. Marekani, kama Eritrea, humfuata raia wake kwa ushuru popote alipo, na kila mwaka mshahara wangu wa Kisauni husafiri kwenda kuripotiwa huko. Akaunti zangu za nje zikipita jumla ya dola 10,000, hata kwa siku moja, nazo zina fomu yake. Silipi kitu, maana kwa mwaka 2024 dola 126,500 za kwanza zilizochumwa kwa kazi ya nje zilisamehewa. Lakini ili nisamehewe, sharti nithibitishe kwamba makao ya kazi yangu yako nje ya Marekani. Nikisha kuthibitisha hivyo, ritani hiyo hiyo naichukua, natoa nakala, naiambatisha kwenye I-864, pembeni ya maelezo ninayoapa kwamba maskani yangu ni Marekani. Kisha inakuja karatasi ya kura. Kwa sheria ya 1986, Ohio haijaacha kunihesabu kuwa mtu wake, na hunitumia kura ya rais kana kwamba nimetoka kidogo kununua maziwa. Kwa serikali moja, basi, mimi ni mkazi wa Mombasa wakati wa ushuru na mtu wa Ohio wakati wa uchaguzi. Ni wewe peke yako unayeuliza ninalala wapi.

Tuje kwenye picha. Unataka za harusi, bwana na bibi pamoja, jamaa wamewazunguka, nyuso zionekane. Ngoja nikueleze harusi yetu. Nikaha ilifungwa msikitini baada ya Alasiri. Aliyenishika mkono mbele ya shehe ni baba mkwe, kwa kuwa yeye ndiye walii. Mke wangu hakuwapo. Ridhaa yake ilikwisha kuchukuliwa, naye alikuwa kwao na hina mikononi, hawezi hata kushika kikombe. Kwa hiyo picha niliyo nayo ya saa ile niliyooa ni ya mzee mwenye ndevu nyeupe na mimi, tumeshikana mikono, tunatazamana kwa unyenyekevu mkubwa. Ofisa asiyezijua mila zetu atakuwa na kila sababu ya kumpa viza baba mkwe.

Utasema nilete za usiku wa kupamba. Hapo sasa ndipo kwenye ushahidi hasa! Bibi harusi alikaa jukwaani kwa gauni na dhahabu, na ukumbi mzima wa wanawake, kutoka Mji wa Kale hadi Bamburi, ukamwona, ukamsifu na ukamkosoa. Mashahidi ni wengi kuliko kesi yoyote uliyowahi kusikiliza. Lakini wanaume hawaingii, na simu zilikusanywa mlangoni. Mpiga picha alikuwa mwanamke, na albamu yake imefungiwa kabatini kwa mama mkwe, ambaye amesema haitoki kwenda kutazamwa na wanaume asiowajua. Nikamweleza kwa adabu kwamba hii ni serikali ya Marekani.

“Kwani hao si wanaume?” akaniuliza.

Pendekezo langu ni kwamba uajiri maofisa wa kike wa kuhudhuria kupamba. Waje na zawadi, waache simu mlangoni kama wenzao, wale biriani, na wakitoka hapo watakuwa wanajua kuhusu ndoa ya watu mambo ambayo hakuna fomu itakayothubutu kuyauliza.

Za ada sitakuchosha. Dola 625 za ombi la kwanza kwa mtandao, au 675 ukishikilia karatasi. 325 za fomu ya viza. 120 za kukaguliwa hati ya udhamini. 235 za kadi yenyewe. Bado daktari, bado polisi, bado kupiga picha za pasipoti upya kwa sababu za mwanzo nilizipiga kwa kipimo cha Kenya.

Kwenye udhamini ndiko kwenye visa. Kwa viwango vya 2025, mwenye kaya ya watu wanne alitakiwa aonyeshe mapato ya dola 40,187 kwa mwaka, yaani asilimia 125 ya mstari wa umaskini wa Marekani. Hizo zinapita shilingi milioni 5 za Kenya. Huku kwetu mtu mwenye mapato hayo haitwi aliyeponea umaskini. Huitwa mheshimiwa na hupelekewa kadi za harambee. Tena hata ningekuwa nazo, mshahara wa Kisauni hauhesabiwi, kwa kuwa nikihama unabaki Kisauni. Ama nionyeshe mali yenye thamani mara tatu ya pengo, ambayo kwangu ni zaidi ya dola 120,000, au nitafute mdhamini mwenza.

Ninaye binamu Columbus, dereva wa lori, mtu wa moyo mkubwa. Nikampigia simu nikamsomea masharti yote, maana kumficha ndugu si uungwana. Nikamweleza kwamba tangu sheria ya 1996 iliyotiwa saini na Rais Clinton, hati hii ni mkataba unaoweza kumfikisha mtu mahakamani. Haikomi mpaka mke wangu awe raia, au ahesabiwe robo 40 za kazi, au aondoke Marekani moja kwa moja, au afe. Talaka haiivunji.

“Yaani ukimwacha wewe,” binamu akasema, “mimi bado ninaye?”

Nikamwambia kisheria ndiyo. Akasema atazungumza na mkewe. Mpaka naandika barua hii wangali wanazungumza. Na hata wakikubaliana, binamu ataweza kunikopesha mapato yake, maskani hapana. Hayo kanuni zinataka niyabebe mwenyewe.

Watoto, nashukuru, hamna ugomvi nao. Ni Wamarekani kwa kuzaliwa na mimi, na pasipoti wanazo. Yule mdogo, ambaye katika picha yake macho ameyafumba na mkono wa mtu asiyejulikana unamshika shingo, bado ananyonya. Kesho akitaka anaingia Marekani bila kuulizwa neno. Ziwa analonyonya ndilo litakalosubiri.

Nilifikiria kumpeleka mama yao kwa matembezi tu, akamsalimie shangazi yangu aliyenilea Columbus, ambaye amezeeka na hana mtu wa karibu. Huyo shangazi ndiye sababu ya safari nzima, kama ulikuwa unajiuliza mtu anaachaje upepo wa bahari akafuate theluji. Lakini kifungu cha 214(b) kinasema mwombaji wa viza ya matembezi anachukuliwa kuwa mhamiaji mpaka aonyeshe vinginevyo, na mke wa Mmarekani atakuonyesha nini? Akiomba kutembea, anashukiwa kwamba atahamia. Akiomba kuhamia, mumewe anashukiwa kwamba hahamii. Mwanamke huyo huyo, wiki hiyo hiyo. Laiti angekuwa mjane wa bahati akashinda grinikadi ya bahati nasibu! Mshindi wa bahati nasibu haulizwi I-864, wala hakuna mume wa kuchunguzwa maskani. Kompyuta ikimchagua inatosha. Mimi nimemchagua mbele ya shehe na mashahidi, haitoshi.

Usidhani nakuandikia nikiwa na tumaini la kwenda kukushtaki. Juni 2024, katika kesi ya Department of State v. Muñoz, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba raia hana haki ya msingi ya kikatiba ya mwenzi wake wa kigeni kuruhusiwa kuingia nchini. Aliyeshtaki, Sandra Muñoz, alikuwa raia na tena wakili wa Los Angeles. Mumewe, mtu wa El Salvador, alikuwa amenyimwa viza. Uamuzi uliandikwa na Jaji Amy Coney Barrett. Wakili akishindwa hivyo, mwalimu wa hisabati anajua kupiga hesabu zake. Nimekuandikia wewe kwa sababu wewe ndiwe mahakama, na rufaa yako, kama inavyojulikana, ni wewe tena.

Na si kwamba nchi hiyo haijui kumleta mke wa mtu. Desemba 1945 Kongresi ilipitisha sheria ya wake wa wanajeshi, na mwezi uliofuata, tarehe 26 Januari 1946, meli ya SS Argentina ikang'oa nanga Southampton kwenda New York imejaa mabibi harusi na watoto wachanga, safari imelipiwa na serikali. Mimi sidai meli. Likoni tuna feri, na kuingoja tumezoea.

Ninachoomba ni kidogo. Niambie ni wapi unataka niishi, kwa lugha ya mtu na mtu, si ya fomu na fomu. Kama ni na mke wangu, andika hivyo, nami nitakutumia bili za maji za Kisauni hadi uchoke kuzisoma. Kama ni Ohio, andika hivyo pia, ili nimwonyeshe mke wangu maandishi ya serikali yanayoniamuru niondoke. Akisikia kwangu hataamini, na kaka zake wataamini mambo mengine kabisa.

Nakuomba jibu lisichelewe. Mwenye ile nyumba ya Columbus amenitumia mkataba wa mwaka mzima, kodi inaanza tarehe mosi, na anataka kujua tutakuwa watu wangapi. Nimjaze wangapi?

Ndimi wako mtiifu,

Mlipa ushuru wa Mombasa, mpiga kura wa Ohio