Walaji wa Biskuti za Krimu Kiloleli: Uainishaji wa Awali

Tuanze na ukweli mchungu: biskuti ya krimu haina krimu. Simiyu ni mkoa wa wafugaji, na wilaya ya Meatu imewahi kufungasha maziwa yake yenyewe, lakini kile cheupe cha katikati ni mafuta ya mimea, sukari na vanila. Ng'ombe kwa kawaida hahusiki. Kwa Msukuma mwenye zizi hii ingekuwa kashfa, ila mpaka sasa hakuna aliyerudisha pakiti dukani.

Walaji wa Kiloleli, hapa Simiyu, wanagawanyika katika jamii tatu, na iliyo kubwa na ya kale zaidi ni ya Wapasuaji. Mpasuaji hushika biskuti kwa vidole vya mikono yote miwili, akaizungusha taratibu mpaka iachane, akalamba. Wasomi wa nje nao wamelishughulikia jambo hili: mwaka 2022 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walizipasua biskuti za krimu za Oreo kwa mashine ya maabara wakaona kwamba krimu karibu yote hubaki upande mmoja, hata ubadilishe mwendo wa kuzungusha. Watoto wa Kiloleli hawakuhitaji mashine. Isitoshe, MIT haikupima biskuti iliyoshinda chini ya bati hadi saa nane mchana. Hiyo haipasuki, inateleza, na krimu huishia kwenye kidole gumba. Ndiyo maana Mpasuaji mzoefu hununua asubuhi.

Baada ya kulamba hubaki kipara, yaani kipande kisicho na kitu. Kipara kina sheria zake za mirathi: huenda kwa mdogo wake mlaji. Mdogo hakipokei kijinga. Hukigeuza kwenye mwanga, akachungulia ndani ya vitundu, maana huko ndiko ulimi wa kaka haufiki. (Kiwandani vitundu hivyo hutobolewa ili mvuke utoke biskuti inapookwa. Matumizi ya pili yamegunduliwa na vitinda mimba.)

Jamii ya pili ni Wachovyaji, wengi wao bibi zetu. Huchovya kwenye chai ya rangi, krimu ikayeyuka, na sukari ya kopo ikapumzika. Hatari ni moja tu, biskuti kuzama, na bibi huiopoa kwa kijiko bila kukatiza mazungumzo.

Ya tatu ni ngumu kuchunguza kwa sababu wahusika wanakana. Hawa ni Wapelekea-Watoto. Hujitokeza zaidi msimu wa pamba, kuanzia Mei, pale mizani ya chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) inapofunguliwa. Baba mzima, ndevu zimemjaa, anafika dukani na kutamka kwa sauti isiyo na sababu, "Nipe na hizo biskuti, nawapelekea watoto." Pakiti inafika nyumbani ikiwa wazi, na mama watoto anaambiwa barabara ni mbovu. Kwa maoni yangu huyu ndiye mlaji wa kweli kuliko wote: anakula enzi zake za utotoni, na anazila kwa kujificha, kama alivyozila wakati ule.

Kwa wenye viwanda tuna ombi moja. Jazeni pakiti kwa idadi shufwa. Ikibaki moja ya witiri kati ya watoto wawili, wa kusuluhisha ni baba, naye ana maslahi binafsi.