Injini Mpya, Tezi ya Zamani

Boti ya mtumba ikishapakwa rangi, mwenyewe huanza kuionea haya injini kuukuu ya mipigo miwili inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Anataka ya mipigo minne: moshi kidogo, kelele kidogo. Fundi anauliza urefu wa shafti. Bosi anajibu rangi.

Shafti fupi ni ya tezi yenye kimo cha inchi 15, ndefu inchi 20. Ukifunga fupi kwenye tezi ndefu, propela hupiga hewa, na abiria hubaki wakiitazama gati ileile. Isitoshe, injini za mipigo minne kwa kawaida ni nzito zaidi, nao ubao wa tezi, uliooza kimyakimya chini ya faiba, haukualikwa kikaoni.

Injini za Evinrude zilikoma kutengenezwa mwaka 2020. Dalali anaziita adimu.