Kelele za Herufi Isiyoonekana

Katika maonyo yote ya kompaila, hakuna linalodharauliwa kama lile la miisho ya mistari. Ukiambiwa kuna kigeu ulichokitangaza na hukukitumia, walau unaona haya kidogo. Ukiambiwa mistari ya faili yako haiishi kwa namna moja, unaifungua faili, unakodoa macho, huoni kitu, unahitimisha kwamba kompaila imezeeka. Mimi nasema hilo ndilo onyo la kushukuriwa kuliko yote, kwa kuwa makosa mengine hata macho yangeweza kuyaona.

Chanzo chake ni vyuma. Teletaipu ya Model 33, iliyotoka mwaka 1963, ilichapa herufi 10 kwa sekunde, na ikifika ukingoni ilisubiri amri mbili: namba 13 ya kurudisha kichwa cha kuchapia kushoto, na namba 10 ya kupandisha karatasi. Kichwa kilikuwa kizito cha mwendo, hivyo amri ya pili ilikipa nafasi ya kufika. Mashine zikastaafu, amri zikabaki kazini. Unix ilichukua 10 peke yake. CP/M, kisha MS-DOS, kisha Windows zikabeba zote mbili. Macintosh za kabla ya Mac OS X zikaridhika na 13.

Atauliza mtu: kama GCC inasoma faili ya Windows bila hata kukohoa, ugomvi uko wapi? Uko kwa wasomaji wengine wa faili hiyo. Skripti ya bash iliyohifadhiwa kwa mtindo wa Windows ikipelekwa Linux, mstari wa kwanza unaita bash yenye mkia wa herufi namba 13, na mfumo unajibu kwa adabu zote kwamba programu hiyo haipo. Mhusika anaitafuta bash, anaikuta mahali pake, ikiwa na afya njema, ndipo anaanza kuwashuku wenzake. Au mtu karekebisha koma moja, kihariri chake kikageuza miisho yote kimyakimya: Git itaandika kwamba kagusa kila mstari, na jina lake litakutwa hata kwenye hitilafu zilizozaliwa kabla hajaajiriwa. Visual C++ nayo ina onyo C4335 kwa faili za Mac ya zamani, na haipigi kelele bure. Maoni ya mikwaju miwili hukoma mstari unapokoma. Kisomaji kisichoitambua 13 kitaona maoni ya juu kabisa, yale ya jina na tarehe, yamemeza kila kitu hadi bano la mwisho. Programu safi kabisa, isiyo na kosa lolote, maana haina chochote.

Wapo wanaoshauri uwashe core.autocrlf ya Git ukalale. Lakini mpangilio huo unakaa kwenye kompyuta ya mtu, si kwenye mradi, na mgeni wa kesho atakuja na wake. Heri mstari mmoja ndani ya .gitattributes, `* text=auto`, unaosafiri pamoja na msimbo, na `eol=lf` kwa skripti za Linux. Nakubali, ndugu wa onyo hili, lile linalodai mstari mpya mwishoni mwa faili, limepungukiwa hoja upande wa C++, iliyoifuta kanuni hiyo mwaka 2011. Ama kisingizio cha kung'ang'ania mtindo wa Windows, kwamba Notepad huibana faili ya Unix ikawa mstari mmoja mrefu, nacho kilikwisha mwaka 2018, Microsoft ilipoifundisha kusoma mitindo yote mitatu.