Sifa za Chonge Iliyokwea

Mwanya umeshapata haki yake. Pwani nzima imeusifu, maharusi wametukuzwa kwa ajili yake, na aliyezaliwa bila mwanya hujiona kapunjwa. Lakini nani amewahi kuisifu chonge iliyokwea, ile inayotokea juu kwenye ufizi na kuwaegemea wenzake kama abiria wa mlangoni kwenye daladala la jioni? Mwanangu amejaliwa mbili, kulia na kushoto, na sasa tunajiandaa kumpeleka kwa daktari wa kupanga meno kwa mara ya kwanza. Kabla hazijateremshwa, mtu mmoja inabidi asimame azisemee mema.

Kwanza, haikati tamaa. Chonge ya juu kwa kawaida huchomoza kwenye miaka 11 au 12, meno ya mbele yamekwisha kujipanga na jirani wa upande wa pili naye amejinafasi. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako, walisema wahenga. Chonge ikachelewa, ikakuta nafasi si yake, ikakaa vilevile. Pili, inaheshimika ugenini: Japani kuna wasichana waliolipa wabandikiwe chonge za bandia ili wafanane na huyu wangu. Hayo yatosha.

Fadhila yake kuu ni kuweka akiba. Nyuma ya chonge iliyokwea kuna kipembe ambacho mswaki haujawahi kukifikia, na humo mchicha wa mchana hutunzwa mpaka magharibi bila kupungua hata jani. Nyuzi za nyama ya Idi zimo. Ganda la hindi la kuchoma limo, pamoja na kitu fulani ambacho mama yake anashuku ni embe la juzi. Wakati wakubwa wanakaa semina kujadili upotevu wa mavuno, mdomoni mwa mwanangu hakipotei kitu. Sufuria zimeoshwa, taa zimezimwa, mtoto amelala fofofo, na kumbe ana futari ndani. Wahenga walisema akiba haiozi. Hii huoza, sikatai, na huliozesha na jino la jirani lililosaidia kuitunza, lakini kila mweka akiba ana gharama zake. Cha kusifu ni hiki: siku mwenye mali akiihitaji, kijiti kimoja tu, na hurudishiwa chote alichoweka. Haulizwi kitambulisho. Hajazi fomu.

Maana mimi nami nina akiba yangu mahali. Kila mwezi bima ya afya hukatwa kwenye mshahara kabla sijauona, na katika maisha yangu ya kazi sijawahi kusikia makato yamechelewa kwa sababu mtandao uko chini.

Daktari mwenyewe hakutaka makubwa. Mtoto apige mswaki vizuri, apitishe uzi katikati ya meno, aje na picha za eksirei kama alishapigwa, na asiogope, kwani siku ya kwanza kwa kawaida waya hazifungwi. Atatazamwa, atang'ata ule ujiuji wa baridi unaochukua chapa ya meno, na atapigwa picha huku midomo imevutwa kwa vipande vya plastiki mpaka afanane na mjomba wake akicheka. Kuuandaa mdomo ilikuwa kazi ya usiku mmoja. Kuiandaa bima kumekula likizo yangu, na jibu lililorudi lilikuwa na mstari mmoja: huduma iliyoombwa ni ya urembo.

Mwaka 1899 Mmarekani Edward Angle aliyagawa matatizo ya kuumana kwa meno katika makundi matatu, kwa kuangalia magego ya kwanza ya juu na ya chini yanavyokutana, na madaktari wanautumia mgawanyo huo hadi leo. Masikini Angle, alijisumbua. Bima yetu ina kundi moja tu. Urembo! Mtoto chonge inamchubua mdomo kwa ndani, fizi zinatoka damu kila akipiga mswaki, anakula ugali kwa upande mmoja, halafu mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi, ambaye hajamwona, anamwandikia kwamba anataka kujipamba. Angetaka kujipamba angenunuliwa miwani.

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Nikaambiwa nikate rufaa. Barua ya kwanza, nakala ya barua ya kwanza, cheti cha kuzaliwa, hati ya mshahara, na picha mbili za pasipoti za mgonjwa. Mpiga picha, kama ilivyo ada yao, alimwamuru afunge mdomo. Dirishani dada alizitazama zile picha kwa makini, akazigeuza, akazitazama tena.

“Baba, mbona huyu meno yake hayana tatizo?”

“Kafunga mdomo, dada. Picha za pasipoti ndivyo zinavyopigwa.”

“Mimi nafuata kilichomo kwenye faili.”

Mwenye meno alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Nikamnyanyua kidogo afike usawa wa kioo, naye, mtoto mtiifu, akaachama mpaka chonge zote mbili zikaonekana, na ya kushoto ikiwa na mchicha wake. Dada hakuinua macho. Alikuwa ameshashika muhuri.

“Baba, hapa mambo ya mdomo hatupokei. Lete kwa maandishi.”